Fundi mpya wa matairi, soma kipimo kabla ya namba

Magari mengi utakayoyahudumia yalitumika Japani kabla ya kufika kwetu. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: utakuta stika ya upepo wa matairi imeandikwa 220 kPa (kilopaskali), na pembeni yake 2.2 kgf/cm² (kilo kwa sentimita mraba). Geji uliyoishika inasoma PSI, yaani pauni kwa inchi mraba. Mwenye gari naye anakwambia tu, "Weka thelathini na mbili." Usihangaike, upepo ni uleule: 220 kPa ni PSI 31.9.

Usikariri jedwali zima. Shika mstari mmoja: bar, kipimo kingine cha upepo, bar 1 ni kPa 100, na ni PSI 14.5. Kutoka bar kwenda PSI, zidisha kwa 15, kisha toa nusu ya namba uliyoanza nayo. Yaani 2.2 mara 15 ni 33, toa 1.1, unapata 31.9. Kutoka kPa, gawa kwa 7. Hapo 220 inakupa 31.4, pungufu kidogo kwa sababu PSI 1 ni kPa 6.895, lakini nusu PSI kwenye geji ya mkononi ni vigumu hata kuiona.

Ile kgf/cm², ambayo mafundi huiita kilo, iko chini ya bar kidogo sana: kPa 98. Kwenye gari dogo ihesabu kama bar. Kwenye lori pengo linaonekana, maana kilo 8 ni karibu PSI 114 na bar 8 ni PSI 116.

Kinachonitia hofu zaidi ni kusogeza nukta. Kati ya kPa na bar inaruhusiwa: 250 kPa ni bar 2.5. Kijana akishazoea hivyo, anaambiwa PSI 35 naye anaweka mashine bar 3.5. Hiyo ni PSI 51! Matairi mengi ya magari madogo yameandikwa ubavuni kikomo cha PSI 44, sawa na kPa 300. Na hiyo ya ubavuni ni kikomo cha tairi, si kiwango cha kujaza. Cha kujaza kiko kwenye stika ya mlangoni. Pima tairi likiwa limepoa, kwa sababu likitoka safarini upepo umeshapanda.

Spea nyembamba ina hesabu yake. Nyingi zinataka kPa 420, gawa kwa 7, PSI 60. Wanaoijaza 32 kama matairi mengine wanampa mteja spea isiyoweza kubeba gari vizuri. Soma maandishi ya spea yenyewe.

Geji nyingine zina duru mbili za namba, PSI na bar. Hakikisha unajua unasoma ipi kabla ya kufungua upepo. Na ukimwandikia mteja kipimo, usiandike 32 peke yake. Andika PSI 32, maana kesho anaweza kujaza kwenye mashine iliyowekwa kwa bar.