Birika Moja, Siku Thelathini

Kulikuwa na kipindi cha miezi minane ambacho sikuchora chochote. Sikuwa mgonjwa, wala kazi zangu nyingine hazikuwa zimezidi. Kila jioni nilikaa mezani, nikachonga penseli, nikalifungua daftari, nikaitazama karatasi, kisha nikalifunga. Nilijiambia wazo bado halijaja. Nililisubiri kama mtu anavyomsubiri mgeni aliyeahidi kufika: nimefagia, nimetandika, nimekaa mlangoni. Mgeni hakutokea.

Aliyenitoa pale hakuwa mtu. Ni birika kuukuu la aluminiamu, limebonyea ubavuni lakini limesuguliwa likasuguliwa hadi linang'aa. Lilikuwa mezani, nami nilikuwa nimechoka kusubiri, basi nikalichora. Mchoro ulikuwa mbaya. Kesho yake nikalichora tena kwa hasira kidogo, maana mdomo wake ulikuwa umepinda vibaya kwenye karatasi na jambo hilo lilinikera usiku kucha. Siku ya tatu nikajiwekea nadhiri: birika hili hili, siku thelathini, dakika kumi na tano kila siku, nikipenda nisipende.

Siku za mwanzo nilichora birika la kichwani. Nilijua birika lina tumbo, mdomo, kishikio na kifuniko, basi nikaviweka vyote mahali pake bila kuangalia sana. Siku ya 12 nikaona dirisha. Lilikuwepo ubavuni mwa birika tangu siku ya kwanza, limejipinda kama upinde, na chini yake chumba kizima kimejikunja: meza, kiti, na mimi mwenyewe, mdogo sana, kichwa kimerefuka, mkono ulioshika penseli mkubwa kuliko kiwiliwili. Siku kumi na moja nzima nilikuwa nimekaa mbele ya sura yangu bila kuiona.

Siku ya 20 nikaliacha birika lenyewe, nikachora nafasi tupu iliyo kati ya kishikio na kifuniko. Nafasi ile ina umbo lake kamili, pana chini, nyembamba juu, na upande mmoja imekatwa na kirungu cha kifuniko. Siku ya 27 ikawa mlango. Sikuipangia iwe hivyo. Mkono ulikuwa ukifuata mstari wa ndani wa kishikio, nikaona kuwa huu ni upinde wa mlango, nikaweka kizingiti, nikaweka mtu anayetoka akiwa amebeba kiti kichwani. Anakwenda wapi na kile kiti? Nilitaka kujua. Kwa sababu ya mtu yule nilichora picha kumi na moja mwaka ule.

Ndiyo maana leo mtu akiniambia, “Mimi sina ubunifu,” huwa namwuliza ametazama nini wiki hii, ametazama kwa muda gani. Tumezoeshwa kudhani kwamba fikra za kubuni hushuka tu kwa watu waliojaliwa, na wengine tubaki kupiga makofi. Mimi naamini zinaanzia machoni, na macho hufundishika. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Na wakubwa wa sanaa waliinama. Claude Monet, kati ya mwaka 1890 na 1891, alichora marundo ya ngano yaliyokuwa karibu na nyumba yake huko Giverny, Ufaransa, picha kiasi cha 25. Rundo la ngano! Hakuna kitu kisicho na makuu kama hicho. Alikuwa na turubai kadhaa za kuchorea kwa wakati mmoja. Mwanga ukibadilika, anaiweka kando hii anachukua nyingine. Kwake rundo la asubuhi na rundo la jioni ni vitu viwili tofauti. Hokusai wa Japani naye alikuwa na miaka 70 hivi alipoanza mfululizo wake wa picha 36 za Mlima Fuji, na zilipokwisha akaongeza nyingine 10. Kuna moja naipenda kupita zote. Fundi mapipa yuko ndani ya pipa kubwa lisilo na kitako, anakwangua mbao, na kupitia duara la pipa unaona shamba, na mbali kabisa, mdogo kama kipande cha karatasi iliyokunjwa, mlima. Nilipoiona mara ya kwanza nililikumbuka birika langu. Mzee yule alikuwa ametazama kupitia tundu la kitu cha kazi, akauona mlima.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na kama hutachukua mwingine, chukua huu: chagua kitu kimoja kilicho karibu, ukirudie. Si lazima uchore. Ukiwa mwandishi, kieleze kwa sentensi tano kila siku bila kurudia ulichosema jana. Ukiwa mpiga picha, kipige. Ukiwa mtu wa muziki, sikiliza mlango mmoja ukifunguliwa na watu mbalimbali. Baada ya wiki utachoka na utataka kuacha. Usiache hapo. Uchovu ule maana yake umemaliza unachokijua, na kinachofuata ndicho usichokijua.

Jambo la pili ni mipaka. Wakati ule wa ukame nilikuwa na sanduku la rangi nyingi mno, na kila nilipolifungua nilipotea. Niliporudi kuchora nilichukua mbili tu, bluu iliyoiva na kahawia, na kadi ndogo zinazoenea kiganjani. Ghafla kazi ikawa na mwanzo na mwisho. Sikuwa tena na swali la “nichore nini katika dunia nzima”. Nilikuwa na swali la “nitaupataje mwanga wa jioni kwa rangi hizi mbili”, nalo ni swali mtu anaweza kulishika.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse mipaka yake hakuichagua. Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mkubwa kwa sababu ya saratani, na baada ya hapo kusimama mbele ya turubai kukawa kazi ngumu. Mengine mengi aliyafanya akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Akachukua mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akazikata maumbo ya majani, ya ndege, ya miili inayoogelea, nao wakazibandika ukutani kwa maelekezo yake: hapa, hapana, juu kidogo. Baadhi ya kazi zinazopendwa zaidi za maisha yake zimetoka kwenye mkasi ule. Sisemi kwamba maradhi ni neema, hata kidogo. Nasema kwamba alijiuliza mkono wake bado unaweza nini, akaanzia hapo. Nawe ukiona huna nafasi, huna muda, huna vifaa, usiahirishe. Orodhesha ulivyo navyo, hata vikiwa viwili, uone vinaweza kuzaa nini vikikutanishwa.

Daftari nitalisemea kwa ufupi kwa kuwa kila mtu analisemea. Leonardo da Vinci aliacha kurasa zaidi ya 7,000 za michoro na maandishi, na humo aliwashauri wachoraji watazame kuta zenye madoa, maana ukizikazia macho utaona milima, mito, vita na nyuso. Jaribu, ni kweli. La kwangu halina makuu. Naandika nilichokiona, basi, bila kukipamba. Wiki hii lina haya: “Kamba ya kuanikia baada ya mvua. Matone yamejipanga chini yake, kila moja limeshika mwanga wake.” Na hili: “Mtu anashuka ngazi kwa hasira. Hasira iko kwenye visigino.” Sijui nitavitumia wapi. Lakini siku nitakapohitaji mtu mwenye hasira kwenye picha, najua nianzie miguuni.

Sasa kuhusu kupumzika, ambako watu wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa miezi minane. Mwanahisabati Henri Poincaré alisimulia kwamba alikuwa amehangaika na tatizo fulani kwa muda, akaenda safari, na alipokanyaga ngazi ya basi la farasi, jibu likamjia palepale, akiwa hana habari nalo. Kisa hiki husimuliwa sana kuonyesha kwamba mawazo huja ukiacha kuyatafuta. Lakini angalia vizuri: alikuwa ameshafanya kazi. Tatizo lilikuwa limeshaingia ndani yake, limekaa, linaiva. Mimi nilikuwa napumzika bila kuwa nimechoshwa na lolote. Chungu kisicho na kitu hakiivishi hata ukikiacha jikoni mwaka mzima.

Ukiwa umeshahangaika, basi ondoka, tembea. Mwaka 2014 watafiti wawili, Marilyn Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio yaliyofanyika Chuo Kikuu cha Stanford. Watu walitoa mawazo mapya mengi zaidi wakiwa wanatembea kuliko wakiwa wamekaa, hata walipotembea kwenye mashine mbele ya ukuta mtupu. Ila kwa maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Kwa hiyo mimi huwa natembea nikitafuta, narudi kukaa nikichagua. Simu naiacha nyumbani, kwa sababu kichwa kinachojazwa kila dakika hakipati nafasi ya kuunganisha kilivyonavyo.

Lipo zoezi jingine la kufanya hata ukiwa umesimama kwenye foleni. Mwanasaikolojia J. P. Guilford ndiye aliyelijengea hoja: chukua kitu cha kawaida, tofali kwa mfano, utaje matumizi yake mengi kadiri uwezavyo. Utasema kujengea, kuzuia mlango, kukalia, kupandia juu ili ufikie kabati. Hayo ni ya kila mtu. Endelea. Mahali fulani baada ya la kumi utakwama, utaona aibu, kisha utasema kitu cha ajabu: kulisaga liwe rangi nyekundu, kulipasha moto likaushe viatu, kulichimba tundu liwe nyumba ya nyuki mpweke. Hapo umeanza kusikia sauti yako. Mimi nimejifunza kuyaruka majibu ya kwanza katika mambo mengi ya nyumbani. Shati la mwanangu lilipochanika mfukoni, jibu la kwanza lilikuwa kulitupa, la pili kulishona kwa uzi wa rangi ileile ili mchaniko usionekane. La tatu lilikuwa kuufuata mchaniko wenyewe kwa uzi wa kijani, nikaufanya bua, nikauwekea majani mawili. Shati lile limevaliwa kuliko mengine yote.

Nimemtaja mwanangu, na hapa nina jambo la kukiri, maana naona wazazi wengi wakilifanya kwa nia njema kama niliyokuwa nayo.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alichora mtu mwenye vidole saba mkono mmoja, akaja kunionyesha. Nikamsifu, kisha nikachukua penseli yake nikasema, “Ngoja nikuonyeshe mkono unavyochorwa.” Nikafuta vidole vyake, nikachora mkono mzuri, wenye vifundo na kucha. Aliutazama kimya. Akasema, “Huu ni mkono wako, mama.” Akaiacha karatasi pale mezani, na kwa wiki nyingi hakuchora tena mbele yangu.

Sikumwuliza kwa nini vidole ni saba. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Pengine yule mtu alikuwa akipunga mkono haraka sana. Pengine alihitaji vidole viwili zaidi kwa kazi ninayoweza kuisikia tu kama ningeuliza. Mtoto akikuletea picha, usiwahi kusema “hii ni nini?” kana kwamba imeshindwa kueleweka, wala usiwahi kuishika penseli yake. Sema, “Nisimulie.” Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize. Na wewe mtu mzima ujifanyie hivyohivyo: mkosoaji aliye ndani yako ana kazi yake, lakini aje kesho, karatasi ikiwa imeshakauka. Akikaa nawe tangu mstari wa kwanza atafuta vidole vyote.

Ilinichukua muda kumrudisha mezani. Sikumbembeleza. Nilikuwa nachora tu jioni, na siku moja akavuta kiti akakaa upande wa pili. Tukawekeana sharti: hakuna anayegusa karatasi ya mwenzake. Tangu hapo tunakaa hivyo mara kwa mara, birika likiwa katikati, yeye akiliona upande wenye mdomo, mimi upande wenye kishikio.

Wiki iliyopita alimaliza kabla yangu, akanigeuzia karatasi. Birika lake lilikuwa na mlango mdogo tumboni, penye ule mbonyeo. Sikuwa nimewahi kumwambia habari za mlango wangu. Nikamwambia anisimulie, nani anaishi humo.

“Sijui bado, mama,” akasema. “Nimebisha hodi tu.”