Nesi wetu yuko semina tena: mgonjwa anapata nini?

SWALI: Shikamoo Sista. Kila nikimpeleka mama mkwe kliniki ya presha huku kwetu Mufindi, naambiwa nesi fulani yuko semina. Waliobaki wanazidiwa, foleni inafika nje. Mtu akishahitimu anasoma nini tena, na sisi tunafaidikaje? – Mkwe, Mufindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Foleni hiyo inaumiza, na anayekimbilia posho simtetei. Lakini sikia yaliyonikuta.

Nilikuwa mkunga Rungwe, zamu ya usiku, baridi ya Juni. Mtoto akatoka kimya, amelegea. Nilikuwa na miaka 19 leba. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikamwekea ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa wenye barakoa ya kufunika mdomo na pua. Nabonyeza, kifua hakiinuki! Kidevu nilikuwa nimekiinamisha mno, na hewa inavujia shavuni. Binti mmoja wa zamu yangu, aliyefanya mazoezi kwa mdoli wiki ileile, akasema, "Samahani mama," akanipokea. Akanyoosha shingo kidogo, akabana barakoa kwa vidole. Kifua kikapanda. Mtoto akalia, nami nikalia.

Mtoto asiyepumua anatakiwa apewe hewa ndani ya dakika ya kwanza. Huo si muda wa kukumbuka ulichosoma chuoni.

Kule hospitali ya Haydom, Manyara, wahudumu walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, mwaka 2010. Kwa mdoli wakafanya vizuri, ila kwa watoto wenyewe utendaji haukubadilika. Mwaka 2011 wakaanza kujifua palepale kazini, dakika 3 hadi 5 kila wiki, na kila mwezi kipindi kirefu kidogo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ndiyo maana napenda mafunzo ya wodini kuliko ya ukumbini: nesi haondoki, na mkono hausahau. Pelekeni hoja hiyo kwenye kamati ya afya ya kituo chenu, siku za kliniki nesi asiitwe mbali.

Na wewe mwangalie mama akipimwa. Apumzike kwanza dakika 5, aegemee kiti, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, asiongee. Anayejikumbusha kazi yake haruki hata moja. Na kwa baridi ya huko, wakitaka kumfunga kipimo juu ya sweta, omba kwa upole alivue kwanza.