Msiitume hiyo barua ya kurasa mbili Paris

Mkuu, hiyo barua usiipeleke posta. Umesema wiki hii mnaiandikia kampuni mama ya Ufaransa notisi ya kurasa mbili ya kuwashtua, kabla ya kuishtaki huko Paris kwa madhara ya kiwandani kwenu, halafu "mengine tutaongeza mahakamani". Hapo ndipo kesi inapofia. Anayewaambia notisi ni utaratibu tu anawapoteza kama tulivyopotezwa sisi. Yeye analipwa kwa barua. Siku mtakayozuiwa mlangoni mwa mahakama simu yake haitapatikana.

Sheria ya Ufaransa ya 27 Machi 2017, ya wajibu wa uangalizi, inaibana kampuni yenye wafanyakazi 5,000 ndani ya Ufaransa, au 10,000 dunia nzima, kwa miaka miwili ya hesabu mfululizo. Lazima iandike, itangaze na itekeleze mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira, hadi kwenye kampuni tanzu na kwa wakandarasi na wasambazaji wake wa kudumu. Isipotimiza, unaipa notisi, miezi mitatu inapita, ndipo unakwenda mahakamani. Wengi wanaiona hiyo miezi mitatu kama foleni. Sivyo. Ni nafasi ya kampuni kurekebisha kile hasa ulichokilalamikia, na usichokiandika hukuipa nafasi ya kukirekebisha.

Angalia shauri la visima vya mafuta vya Tilenga, Uganda, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga. Mashirika sita, mawili ya Ufaransa na manne ya Uganda, yalitoa notisi kwa Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, Juni 2019. Pande mbili zikabishana kwanza kama shauri ni la mahakama ya biashara au ya kiraia, mpaka Desemba 2021. Tarehe 28 Februari 2023 jaji wa maombi ya dharura Paris akasema shauri halipokeleki: madai yaliyofika mbele yake yalikuwa tofauti mno na yale ya kwenye notisi ya 2019. Karibu miaka minne, na hoja ya watu wenye mashamba yaliyopitiwa na mradi ikawa haijaamuliwa! Juni 2024 Mahakama ya Rufani ya Paris, katika mashauri mengine, ililegeza kidogo: notisi na hati ya madai si lazima vilenge mpango wa mwaka uleule, mradi wajibu unaodaiwa ni uleule kimsingi. Nyie msijenge juu ya neno "kimsingi".

Kwa hiyo notisi iandikwe kama hati ya madai yenyewe. Pakueni mpango wa kampuni, huwa ndani ya ripoti yake ya mwaka, muuhifadhi na tarehe mliyoupakua. Sheria inataka vitu vitano ndani yake: ramani ya hatari, utaratibu wa kukagua kampuni tanzu na wasambazaji, hatua za kupunguza madhara, njia ya kupokea malalamiko iliyopangwa pamoja na vyama vya wafanyakazi, na ufuatiliaji wa utekelezaji. Kila lalamiko lenu lifungeni kwenye kimojawapo: ukurasa fulani unasema hivi, kiwandani kwetu hali ni hii, tangu tarehe hii, kielelezo namba hii, tunataka mfanye hili. "Heshimuni haki zetu" si dai, jaji hana cha kuamuru hapo.

Anwani iwe ya kampuni ya Ufaransa iliyotoa mpango huo, kwa jina lake kamili la usajili. Ofisi ya Dar mpeni nakala tu. Wote wanaokusudia kudai kesho watie sahihi leo. Iwe kwa Kifaransa, itumwe kwa posta ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, maana miezi mitatu mtaihesabu mkiwa na ushahidi. Mpango mpya ukitoka kabla hamjafungua kesi, au likizuka jambo jipya, tumeni notisi nyingine na muanze kuhesabu upya. Inauma, lakini miezi mitatu ni nafuu kuliko miaka minne.

Fidia ni dai tofauti: lazima muonyeshe kosa la kampuni, hasara yenu, na kwamba mpango ungetekelezwa hasara isingetokea. Juni 2023 watu 26 wa Uganda walifungua shauri la namna hiyo dhidi ya kampuni hiyo hiyo ya mafuta, huko huko Paris. Msichanganye na Ujerumani, huo ni mlango mwingine; sheria yao ya minyororo ya ugavi yenyewe inasema kuikiuka hakuzai dai la fidia.

Mpango mlionao ni wa mwaka gani? Weka hapa kurasa mnazozilalamikia, tuzioanishe na madai yenu moja moja kabla hamjasaini chochote.