Maswali ya Wasomaji: Peugeot 404 ya Baba Imelala Tangu 1991

SWALI: Ndugu mhariri, marehemu baba yetu, aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, mpaka alipostaafu, alituachia Peugeot 404 aliyoinunua mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1991, mji wetu ulipokumbwa na uporaji, aliiingiza katika garaji iliyo nyuma ya nyumba, akatoa bateri, akaziba mlango kwa matofali, na tangu siku ile haikutoka tena. Mwaka huu tumebomoa ule ukuta. Gari limejaa vumbi na magurudumu yameishiwa upepo, lakini bodi ni nzima na rangi bado inaonekana. Kaka yangu mkubwa anataka kununua bateri mpya, kutia esansi na kulivuta kwa pikapu mpaka liwake. Baba mdogo anasema tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi mmoja ametushauri tung'oe injini na kuweka ya Toyota. Mimi natamani kuliona likitembea likiwa vilevile kama baba alivyoliacha. Je, inawezekana? Tuanzie wapi?
Binti mkubwa wa familia, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Dada yetu, inawezekana, na kwa jinsi unavyoieleza hali ya gari lenyewe, mna bahati kuliko familia nyingi zinazotuandikia. Lubumbashi haina unyevunyevu wa Bukavu wala majivu ya volkano yanayoanguka Goma. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa yetu ni kavu, na gari lililokaa chini ya paa zuri huliwa na kutu polepole sana. Magari mengi ya aina hii huharibikia katika saa ile ya kwanza ya kuamshwa, baada ya kuvumilia miaka yote ya kulala. Kwa hiyo namwomba kaka yako, kwa heshima zote, asilivute.

Sababu yake ni hii. Injini ikikaa zaidi ya miaka 30 bila kuzunguka, oili yote hutiririka na kujikusanya chini, kuta za silinda hubaki kavu, na ringi za pistoni hushikana na kuta hizo kwa kutu nyembamba ambayo jicho haliioni. Pikapu inapolivuta gari likiwa ndani ya gia, nguvu yote ya magurudumu huishia kwenye ringi hizo na kwenye vali zilizonata, na kitu ambacho kingeachia chenyewe kwa oili kidogo na subira hukatika kwa sekunde moja.

Anzeni na plagi, au bugi kama mafundi wetu wanavyoziita. Injini ya 404 ina silinda 4, imelazwa kwa mteremko wa nyuzi 45, na plagi zake zimezama ndani ya mashimo marefu ambayo kwa sasa bila shaka yamejaa vumbi, mchanga na mabawa ya wadudu. Kabla ya kugusa plagi hata moja, pulizeni mashimo hayo kwa upepo wa pampu mpaka yawe safi kabisa, kwa sababu kila chembe itakayobaki itadondoka juu ya pistoni mara tu plagi itakapotoka. Kisha mimineni oili nyepesi katika kila silinda, vijiko viwili hivi, mkaiache kwa siku kadhaa huku mkiongeza kidogo kila jioni. Baada ya hapo shikeni nati ya puli ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa spana, gia zikiwa huru, mjaribu kuizungusha kwa mkono, kidogo mbele na kidogo nyuma. Ikikataa, msiongeze urefu wa spana, ongezeni siku. Itakapozunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga popote, ondoeni kifuniko cha vali na kutazama kama kila vali inashuka na kurudi juu, kwa kuwa vali iliyonata hupindisha fimbo inayoisukuma.

Liko jambo moja ambalo fundi aliyezoea injini za Kijapani huenda asilijue, nami naliandika kwa mkazo kwa sababu ndilo linaloziua injini hizi mikononi mwa watu wenye nia njema. Silinda za 404 hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni mirija ya chuma, yaani shemizi, iliyosimamishwa ndani ya bloku huku maji ya kupoza yakiigusa kwa nje, na chini ya kila mrija kuna kiziba chembamba. Hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ambayo ni ya alumini, ndiyo inayoibana mirija hiyo mahali pake. Mkilazimika kufungua hedi, hakikisheni shemizi zote nne zimefungwa kwa vibano kabla mtu yeyote hajaizungusha krenki. Zikiinuka hata kidogo, viziba huachia, maji huingia katika oili, na mtaiona oili inageuka rangi ya chai ya maziwa bila kujua kosa lilitokea wapi. Fundi akikuambia kwamba vibano si vya lazima, mtafuteni mwingine.

Petroli ya 1991 haifai tena kwa lolote. Sehemu zake nyepesi zimeyeyuka hewani, zilizobaki zimekuwa gundi yenye harufu ya vanishi, na chini ya tangi bila shaka kuna maji na kutu. Shusheni tangi, mlisafishe, mbadilishe mipira yote ya petroli, mfungue kabureta na kuosha vitundu vyake kimoja kimoja. Tangi likiwa limetoboka, asichomelee mtu yeyote kabla halijaoshwa na kuondolewa mvuke wote, kwa maana tangi lililokauka lakini lenye mvuke hulipuka kwa urahisi zaidi kuliko lililojaa. Kwa mwasho wa kwanza ni afadhali mtumie galoni dogo safi lenye mpira mpya, mkiliacha tangi la gari pembeni. Wengine huuliza kama injini ya zamani itavumilia petroli ya leo isiyo na risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilihamia kufikia mwanzo wa 2006. Viti vya vali katika hedi ya alumini huwa vya chuma kilichopachikwa, na kwa mwendo wa kawaida huvumilia. Kagueni tu nafasi za vali mara kwa mara, kwa kuwa viti vikianza kulika nafasi hizo hupungua.

Siku ya kuwasha, wekeni oili mpya na bateri ya volti 12, msafishe platini (vigusano vya umeme) za delko, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kisha zungusheni injini kwa stata plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili izime. Taa hiyo ikizima ndipo mrudishe plagi. Kizima moto kiwe karibu, na nyaya zote ziwe zimekaguliwa kwanza, kwa sababu panya hupenda sana kutafuna nyaya na kujenga kiota ndani ya kichujio cha hewa.

Hata hivyo, ningependa injini isiwashwe kabla breki hazijatengenezwa. Ninajua utaratibu huu unawachosha watu. Lakini injini ikishanguruma mbele ya ndugu na majirani, hakuna atakayekubali gari lisizunguke walau mtaa mmoja, na 404 ni gari zito. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwa miongo mitatu unyevu huo umekuwa ukila silinda ndogo za magurudumu kwa ndani. Mipira inayoyapeleka mafuta kwenye magurudumu huvimba ndani huku nje ikionekana mizima, na ikivimba hivyo breki hushika lakini haiachii. Fungueni ngoma zote, badilisheni raba zote na mipira yote, msijaribu kuchagua ipi bado inafaa. Msitie oili ya injini wala oili nyingine ya madini mahali pa mafuta ya breki, hata kwa siku moja, maana raba za breki hazivumilii kabisa. Na kwa kuwa tunaishi katika mji wa shaba, fundi atawashawishi kutumia bomba la shaba tupu kwa njia za breki, kwa vile ni rahisi kulipata na kulikunja. Likatalieni. Shaba tupu ikitikiswa muda mrefu huwa ngumu na kupasuka. Takeni bomba la chuma la breki au lile la shaba iliyochanganywa na nikeli.

Klachi ikiwa imenata, msiogope, ni jambo la kawaida, na mara nyingi huachia injini ikishapata joto. Matairi mabovu hayana mjadala. Tazameni ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT: tarakimu nne huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000. Hata likiwa na meno mapya kabisa, linaweza kupasuka njiani. Matairi ya 404 ni ya inchi 15, saizi ya 165, ambayo pia huvaliwa na Volkswagen ya zamani ile ya mgongo wa duara, kwa hiyo kuyapata hakutawasumbua sana.

Nije kwenye ushauri wa injini ya Toyota. Siukubali, na sababu ya kwanza ni ya kifundi. Shafti ya 404, inayopeleka nguvu ya injini nyuma, haiko wazi kama ya magari mengi. Imefungwa ndani ya bomba linaloungana moja kwa moja na giaboksi upande mmoja na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, upande wa pili. Kuweka injini na giaboksi nyingine ni kukata mfumo huo wote, na mtakachobaki nacho ni bodi ya Peugeot juu ya vitu ambavyo hakuna fundi mwingine atakayevielewa. Difu yenyewe ni ya skrubu inayozungusha gurudumu la bronzi. Haitaki oili ya kawaida ya difu, ambayo dawa zake hula bronzi. Inataka oili iliyotokana na mbarika au iliyotengenezwa kwa difu za aina hiyo, na isichanganywe na nyingine. Hii haina maana ya mafuta ya kupikia, wala mawese. Giaboksi nayo hutiwa oili ya injini, 20W-40. Mabosi wengi wa garaji hawayajui haya mawili, na 404 nyingi zimekufa kwa difu iliyotiwa oili isiyo yake. Hivyo andikeni kwa rangi juu ya difu, ili hata fundi atakayekuja baada yenu ajue.

Sababu ya pili ni kwamba injini hiyo imekwisha kutoa ushahidi wake katika bara letu. Peugeot ilitengeneza 404 huko Ufaransa tangu 1960 hadi 1975, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina, na gari hilo lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, katika njia za matope na vumbi ambazo msomaji wa Katanga hahitaji kuelezwa. Kwa heshima ya baba mdogo, mwambieni kwamba mnunuzi wa chuma chakavu atawalipa uzito wa bati tu, wala hatalipia hata kidogo ule uzima wa bodi ambao baba yenu aliulinda kwa matofali.

Kabla ya kutoa faranga ya kwanza, kaeni pamoja kama ndugu. Kanuni ya Familia ya 1987 inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, kwa hiyo gari hili ni lenu nyote. Andikeni nani anatoa kiasi gani, gari litakaa kwa nani, na litaandikishwa kwa jina la nani. Itafuteni karti roze ya baba, yaani hati ya umiliki wa gari, na kulinganisha namba zake na zile zilizogongwa kwenye bodi, kabla fundi wa rangi hajazifunika. Kazi za bati na rangi ziachieni kiangazi.

SWALI: Nami nina 404 niliyorithi kwa babu. Jirani amenionyesha nyingine iliyokufa upande wa Zambia, karibu na mpaka, nami nataka kuinunua kwa ajili ya vipuri. Je, vitaingia katika gari langu?
Msomaji, Likasi

JIBU: Vingi vitaingia, mpendwa msomaji. Injini, giaboksi, difu, ngoma za breki, milango, vioo na viti ni vilevile, na kama difu ya gari hilo ni nzima, hiyo peke yake inastahili safari ya Kasumbalesa, pale mpakani. Lakini Zambia wanaendesha upande wa kushoto na usukani wao uko kulia, kwa hiyo sanduku la usukani, mikono yake, dashibodi na mfumo wa pedali havitakufaa.

Kitu ambacho wengi hawakikumbuki ni taa za mbele. Kioo cha taa kimechongwa ili mwanga wa chini uinuke kidogo kuelekea ukingo wa barabara ambao gari linatembea karibu nao. Taa za Zambia zitauinua mwanga huo upande wa kushoto, ambako kwetu ndiko magari yanakotokea, na kila utakayekutana naye usiku kati ya Likasi na Lubumbashi atapofuka kwa muda. Ukizichukua taa hizo, chukua vikombe na fremu zake tu, ubaki na vioo vya gari lako. Ili kuhakikisha, simamisha gari usiku mbele ya ukuta mweupe, washa mwanga wa chini, utazame ni upande gani umepanda: kwetu unapaswa kupanda kulia.