Kabla ya Kulaumu Gundi: Kubadilisha Soli za Viatu Nyumbani

Nimepokea ujumbe wa msomaji aliyekata tamaa. Alinunua soli mpya za mpira, akazibandika kwenye viatu vyake vya kazini kwa ile gundi ya papo kwa papo inayouzwa katika vichupa vidogo, akavivaa kesho yake kwa maringo, na kabla ya juma kwisha soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeachama kwenye vidole. Anaomba nimtajie gundi iliyo bora kuliko zote. Karibu kila anayeanza kazi hii huniuliza swali hilo, na jibu langu huwaudhi wengi: gundi ndilo jambo la mwisho la kuulizia. Soli hubanduka kwa sababu ya yale yaliyofanyika, au yaliyoachwa bila kufanyika, kabla kifuniko cha gundi hakijafunguliwa.

Nina haki kidogo ya kusema hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi mmoja viatu vya ngozi ambavyo soli zake zilikuwa zimelika upande mmoja hadi nikawa natembea nimeinama. Alivigeuza mara moja tu, akanirudishia, akasema mbele ya wateja wengine kwamba mtu mwenye akili timamu hutupa viatu vya namna hiyo akanunua vingine. Wateja wakacheka, nami nikacheka pamoja nao kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Sijamsahau. Naambiwa kwamba kinyongo ni mzigo kwa anayekibeba, lakini changu ndicho kilichonikalisha chini nikajifunza kazi hii, na viatu vile vile bado ninavivaa, vikiwa na soli ya pili niliyoibandika kwa mikono yangu. Sitaki kuficha kwamba kila ninapovifunga kamba najiona mtu.

Hata hivyo, si kila kiatu kinastahili jasho lako. Ikunje ngozi ya juu pale vidole vinapopindia. Ikiwa imepasuka, soli mpya haitakiokoa kiatu hicho. Kisha chunguza soli ya zamani imetengenezwa kwa kitu gani. Soli nyingi nyepesi ni za povu la poliyurethani, ambalo huozeshwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa ndani ya boksi bila kuvaliwa, na ndiyo maana viatu vilivyotunzwa miaka mingi kwa ajili ya sherehe humeguka kama keki iliyokauka siku vinapotolewa kabatini. Povu likishafikia hali hiyo, libandue lote mpaka ukutane na kitu kigumu, kwa kuwa mpira mpya uliobandikwa juu yake umebandikwa juu ya vumbi. Na ikiwa kiatu kimeshonwa kwa uzi unaopenya kutoka soli ya nje hadi soli ya ndani, usiukate kama huna namna ya kukishona upya, maana uzi huo ndio unaokishikilia kiatu kizima. Hapo, hata mimi mwenye kinyongo changu, nakushauri uende kwa fundi.

Kubandua soli ya zamani hakuna mengi ya kueleza: mashine ya kukaushia nywele hulainisha gundi, kisu butu na koleo humaliza iliyobaki, mradi usivute kwa hasira ukararua ngozi.

Jambo lenyewe linaanzia hapa. Mpira wa soli umepikwa pamoja na salfa, njia ambayo Charles Goodyear alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1844, na mpira uliopikwa hivyo hauyeyuki kwa joto la barabara wala kwa vimiminika vilivyomo katika gundi. Sifa inayoufanya uvumilie lami iliyochomwa na jua ndiyo hiyo hiyo inayoufanya uikatae gundi, kwa kuwa gundi haiwezi kuzama ndani yake na hubaki ikitafuta mikwaruzo ya kushikilia. Zaidi ya hapo, soli mpya mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na utando mwembamba wa nta au silikoni, uliopakwa kwenye kalibu ili mpira usigande humo. Jicho halioni utando huo, ila gundi inaujua vizuri sana. Futa upande wa kubandikwa kwa kitambaa chenye asetoni, acha ukauke, ndipo uchukue msasa wa namba 60 au 80.

Usiwe na huruma na msasa. Sugua mpaka weusi unaong'aa ugeuke kuwa kijivu kilichofifia, chenye manyoya madogo unayoyahisi ukipitisha kidole. Kisha inamisha soli kwenye mwanga wa dirisha uikague polepole: popote panapometameta hapajaguswa. Kwa kawaida utakuta pamebaki pale kwenye upinde wa unyayo, ambako msasa haulali vizuri, na kwenye ukingo wa mbele kabisa, ambako watu huogopa kuharibu umbo la soli. Ukingo huo ndio unaokunjwa na kuburutwa kwa kila hatua, na ndio unaoachama wa kwanza. Ulisugue na tumbo la kiatu chenyewe vivyo hivyo, kisha pangusa vumbi lote kwa brashi. Kwa msomaji wangu kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu gundi ya papo kwa papo hukauka ikawa ngumu isiyojua kupinda. Gamba lake lote lazima likwanguliwe kwa kisu, vinginevyo gundi mpya italishika gamba barabara, nalo gamba litabanduka kiatuni likiwa limeichukua soli yote.

Basi, gundi. Inayofaa ni gundi ya viatu ya neopreni, ile inayopakwa pande zote mbili. Paka tabaka jembamba. Ngozi itainywa, kwa hiyo ikikauka paka la pili. Fungua madirisha na ukae mbali na jiko na sigara, kwa kuwa mvuke wake unashika moto na unaumiza kichwa. Halafu ngoja. Gundi nyingi za aina hii huhitaji dakika 10 hadi 20, lakini kidole ni shahidi mzuri kuliko saa: gusa kwa mgongo wa kidole, na ikiwa inanata kidogo bila kuvuta nyuzi wala kukuachia alama, iko tayari. Wengi hubandika ikiwa mbichi kwa kuwa mbichi ndiyo inayoonekana kunata zaidi. Kile kiyeyushi, yaani kimiminika kilichomo katika gundi ambacho hutoka kama mvuke inapokauka, hakina pa kutokea kikishafunikwa na mpira, na gundi hubaki laini huko ndani kwa siku nyingi huku wewe umeshaanza kutembea. Ukichelewa hadi ikakauka kabisa, ipashe moto kidogo kwa ile mashine ya nywele, itaamka.

Tabaka mbili zikigusana, zimegusana, hakuna kusogeza. Mimi huchora mstari wa katikati kwenye soli na kwenye kiatu, naanza kulaza kutoka vidoleni, nikielekea kisigino taratibu ili hewa isinaswe. Hapo nguvu ya mgandamizo ina kazi kubwa kuliko muda wa mgandamizo. Jaza kiatu matambara mpaka kikaze, gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda kingoni, kisha kifunge kwa vipande virefu vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa kwa nguvu na ukiache saa 24.

Najua kuna atakayesoma hadi hapa na bado akavaa viatu vyake jioni ile ile. Ndugu zangu, tumekuwa watu wa kutaka kila kitu papo hapo, tukinunua kwa haraka, tukitupa kwa haraka, kisha tukilalamika kwamba vitu vya siku hizi havidumu. Baadhi ya vitu hivyo vingedumu kama tungesugua na kungoja. Mkono wako si mzito kuliko wa fundi yeyote, na hakuna aliyezaliwa anajua kushika msasa. Sugua, ngoja, gandamiza. Nimeshayasema hayo mara nyingi na nitaendelea kuyasema.

Kingo huachwa mwisho. Ikiwa unakata soli kutoka kwenye shiti ya mpira, iache izidi kiatu kwa milimita 3 au 4 pande zote, na uipunguze baada ya gundi kushika, kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji, kwa sababu kisu kikavu hukwama katika mpira na kuteleza kuelekea vidoleni mwako. Malizia kwa msasa laini. Baada ya hapo, angalia soli mara kwa mara pale chini ya kifundo cha dole gumba. Michirizi ikishafutika mahali hapo na ukibonyeza ukahisi panadidimia, badilisha wakati huo huo, kabla mpira haujatoboka na maji kuanza kuingia kwenye soli ya ndani, ambayo huwezi kuibandika upya kwa urahisi.