Uvimbe Mweupe Kwenye Figo: Je, Ni Saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43. Nilipimwa ultrasaundi kwa ajili ya vijiwe vya nyongo, kukaonekana uvimbe mweupe wa sentimita 3 katika figo yangu ya kulia. Sina maumivu. Kaka yangu asema figo itolewe mara moja. Daktari ataka kwanza nipigwe skani ya CT. Nimsikilize nani?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba, dada yangu. Msikilize daktari, na hofu ya kaka yako uipokee kwa kuwa yatokana na mapenzi. Uvimbe unaong'aa kwenye ultrasaundi, hasa kwa mwanamke wa umri wako, mara nyingi huwa ni angiomiolipoma, uvimbe usio wa saratani ulioumbika kwa mishipa ya damu, misuli laini na mafuta. Hata hivyo weupe pekee hautoshi, kwani baadhi ya saratani ndogo za figo nazo hung'aa vivyo hivyo. Kinachoamua ni mafuta, nayo hutafutwa kwa skani ya CT iliyopigwa kabla ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha: kwa kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha uzito wa tishu kwenye picha ya CT, maji huwa 0, na mafuta hushuka chini ya -10. Unapochukua majibu, uliza kama mafuta yameonekana ndani ya uvimbe. Yakionekana, kwa kawaida hata kuchukua kinyama kwa sindano hakuhitajiki.

Yasipoonekana, usikate tamaa. Ziko angiomiolipoma chache zenye mafuta haba, na uko uvimbe mwingine usio wa saratani, onkositoma, ambao picha haziwezi kuutenganisha na saratani kwa uhakika. Kovu la katikati, lililodhaniwa zamani kuwa alama yake, huonekana hata kwenye saratani. Hapo hufanywa biopsi, yaani kuchukua kinyama kwa sindano na kukichunguza kwa darubini, ingawa nayo pengine hushindwa kutoa jibu la mkato. Mimi naona ni heri subira hiyo kuliko kupoteza figo nzima kwa uvimbe ambao ungeweza kuachwa na kufuatiliwa.

Mweleze daktari pia kama umewahi kupatwa na kifafa au una vipele vya kudumu usoni tangu utotoni, kwa kuwa angiomiolipoma wakati mwingine huambatana na maradhi ya kurithi yaitwayo tuberasi sklerosisi. Mjulishe vilevile kama una mimba au waitarajia, maana uvimbe huu waweza kukua wakati huo, na ukipita sentimita 4 hatari ya kuvuja damu huongezeka. Ukishikwa ghafla na maumivu makali ya ubavu pamoja na kizunguzungu, au ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.