Fundi kazurura na gari langu

Swali: Mhariri, niliacha gari gereji hapa Kampala wabadilishe breki tu, kurudi siku ya tatu nakuta mileji imeongezeka kilomita 170, mafuta yamekata na bampa imepasuka, fundi anasema eti alikuwa anatesti breki. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, hii inaniuma kweli. Kilomita 170 sio kutesti breki, hiyo ni kwenda Jinja na kurudi! Piga picha dashibodi na bampa leo leo, mwandikie mwenye gereji umdai, akikataa nenda mahakama ya madai madogo, wanasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na wala huhitaji wakili. Siku nyingine kabla hujaacha ufunguo muandike mileji, asaini.